Kikombe cha Pili cha Mumina Galgallo

Assalamu alaykum, mama zangu, shangazi zangu, na nyote mliokaa kwenye mikeka hii tangu asubuhi. Mimi ni Khadija binti Nuh, wengi wenu mnaniita Khadijo, na leo Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 1958, siku ya tatu tangu tumzike, nimetumwa na baba yangu, Nuh bin Athman, dresa mstaafu wa hospitali ya hapa Garissa, niwasomee historia ya mke wake. Kusoma karatasi msibani si desturi ya hapa, najua, wameileta makarani wa bara, na baba ameipenda kwa sababu miaka thelathini ya kazi imemfundisha kwamba jambo lisiloandikwa serikali hulikana. Upande wa wanaume Bwana Aden, aliyefanya naye kazi hospitalini, anasoma nakala ya karatasi hii hii, na nimemwomba asiruke mahali popote hata akiona haya, kwa sababu aibu iliyomo humu si yake. Baba aliponituma alisema, "Andika kama walivyokufundisha huko, lakini usitie sukari," nami nimejitahidi.

Marehemu Mumina Galgallo Molu alizaliwa upande wa magharibi wa Wajir, karibu na visima vya Griftu, mtoto wa tatu wa mzee Galgallo Molu, mfugaji wa ngamia na ng'ombe, katika watu wanaosema Kiborana na kuswali kama sisi tunavyoswali. Kadi yake ya kazi inasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1922, na naomba msiiamini sana, hakuna aliyeona kalenda siku hiyo, ni karani tu aliyechoka kuuliza, ambaye katika kitabu chake jimbo zima limezaliwa siku moja kama vifaranga. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa katika msimu ambao mvua ilinyesha siku moja tu, na kwamba siku hiyo moja ndiyo yake, jambo ambalo mama yake mzazi alilipinga mpaka alipofariki.

Hakusoma shule yoyote, hilo tuliseme bila kulizungusha. Alijifunza Kisomali kisimani kwa wasichana waliokuja kunywesha mbuzi, akajifunza Kiswahili kwenye kambi ya askari pale Wajir alikopeleka maziwa kila asubuhi, na kunyamaza, kama alivyosema mwenyewe, alifundishwa na ngamia. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu, akisema "bole" pale mnapotaka "pole", na mimi niliporudi likizo kutoka shule ya wasichana Mombasa, nikiwa na miaka kumi na mitano na viatu vyeupe, nilikuwa namsahihisha mbele ya wageni. Naye alikuwa akirudia neno hilo polepole, mara mbili, kama mtu anayejaribu kuvaa nguo ya mtoto, halafu anaendelea kumimina chai.

Siku ya Ijumaa, tarehe 10 Machi 1939, aliolewa pale Wajir na baba yangu, mtu wa Lamu, dresa wa serikali, aliyekuwa amefiwa na mke na kuachwa na mtoto wa kike wa miaka mitano ambaye hakutaka kula wala kuchanwa nywele, na mtoto huyo anawasomea hapa. Majirani Wasomali waliniambia nimwite Ayo, kwa kuwa kwao ndivyo mama wa kambo anavyoitwa, nami nikamwita hivyo kwa kisirani, nikikusudia kumkumbusha kila siku kwamba hakunizaa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipogundua kwamba kwa lugha yao yeye neno hilo maana yake ni mama tu, mama mwenyewe, na kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa akiitika kwa furaha tusi ambalo hakulisikia. Sikumwambia kitu, na katika makosa yangu yote hilo ndilo moja tu lililomfaa mtu.

Mwaka 1940 vita vya Mtaliano vilipofika Wajir familia ikahamishiwa Garissa, na hapa ndipo alipopata watoto wake wawili. Wa kwanza ni mdogo wangu Hinda, aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1942, mnamwona pale karibu na mlango. Wa pili alikuwa Godana, aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1944 na kufariki kwa homa tarehe 19 Agosti mwaka huo huo, akiwa na miezi sita na siku chache. Baba alikuwa safarini kwenye vituo vya mtoni, mimi nilikuwa Mombasa, na Ayo alibaki nyumbani na Hinda mgongoni, na kila aliyempitia na kumsalimu alimjibu nabad, yaani amani, kama inavyotakiwa, na kila mtu akaenda zake ameridhika.

Aliyekaa ni Mama Dahabo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na najua yupo hapa, na najua atanikatiza. Mama Dahabo alikuja alasiri, akasalimu, akajibiwa nabad, akaketi, akamchukua Hinda akamwogesha, akateka maji, akachemsha chai, wakanywa kikombe kimoja bila kusema neno, akamimina cha pili, akangoja. Alifanya hivyo siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, kwenye kikombe cha pili, Ayo akafungua mdomo na akasema mpaka magharibi. Nilipomuuliza Mama Dahabo juzi ni nani aliyemfundisha utaratibu huo, alinijibu, "Utaratibu gani, wewe? Mimi nilikuwa nataka chai, kwangu sukari ilikwisha."

Kuanzia tarehe 1 Julai 1946 marehemu aliajiriwa hospitalini kama yaya wa wodi ya watoto, kufua, kufagia na kushika watoto wakati wa sindano, na mwaka 1951, serikali ilipoanza kutoa maziwa ya unga kwa watoto waliodhoofika, yeye ndiye aliyewekwa kwenye lile banda la makuti nyuma ya hospitali ambalo wengi wenu mnalijua kuliko mnavyojua ofisi ya Bwana DC. Kazi aliyopewa ilikuwa kupima unga na kukoroga, na kazi aliyoifanya ilikuwa nyingine. Mwanamke aliingia na mtoto, wakasalimiana, nabad, nabad, na watoto nabad, na mifugo nabad. Ayo akampokea mtoto, akamkalisha mama kivulini, akampa chai yake mwenyewe kabla ya maziwa ya mtoto, akaongea habari za mvua, na alipomimina kikombe cha pili akanyamaza. Hapo ndipo mwanamke aliposema kwamba mume ameondoka na ngamia tangu masika, au kwamba maziwa yamekauka kifuani, au kwamba usiku hapati usingizi, au kwamba amempiga mtoto mpaka yeye mwenyewe ameogopa. Jioni Ayo alikuwa akimwambia daktari nani atembelewe nyumbani kesho, na daktari, ambaye alikuwa mtu wa busara, akawa anamsikiliza. Aliliita jambo hilo, kwa matamshi yake, "kikombe ya bili," na hakulidhania kuwa kitu cha kutolewa ulimwenguni.

Sasa nafika mahali ambapo historia za marehemu kwa kawaida hupita haraka, nami nitapita polepole.

Mwaka 1957 nilimaliza masomo yangu Makerere, binti wa kwanza kutoka wilaya hii kufika huko, kama nilivyokumbushwa na kila mtu na kama nilivyokumbusha kila mtu, na nikarudi nyumbani mwezi wa Oktoba nikiwa na kazi ya kamati moja ya Nairobi iliyotaka kujua hali ya akina mama wenye watoto wachanga wakati wa dhiki, ili msaada upelekwe panapohitajika. Swali lilikuwa jema na waliouliza walikuwa na nia njema. Fomu niliiandika mimi, ilikuwa na maswali ishirini na manne, na la kwanza lilikuwa "Habari ya nyumbani?", na chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maagizo haya: akijibu nzuri, salama au amani, tia alama kwenye A, ruka hadi swali la ishirini na moja. Kuanzia swali la pili hadi la ishirini ndimo yalimokuwa usingizi, chakula, mume yuko wapi, nani anakusaidia, umelia lini. Kuanzia la ishirini na moja yalikuwa mambo ya nyumba na mifugo. Maagizo hayo ya kuruka sikupewa na Mzungu yeyote, naomba tusimsingizie mtu, niliyaweka mwenyewe ili kuokoa muda.

Mimi niliyekulia nyumba ya Mumina Galgallo, ambamo mtu aliyevunjika mguu hujibu amani kwanza ndipo aombe maji, nilijua nabad ni nini. Nilijua tangu nikiwa na miaka mitano. Lakini nilikuwa nimekaa miaka minne mahali ambapo mtu akiulizwa swali hulijibu, na nikarudi nikiwa na saa mkononi.

Tulianza Jumatatu, tarehe 4 Novemba 1957, watu watatu, mimi na fomu, Ayo niliyemwazima kutoka hospitalini awe mkalimani kwa wale waliosema Kiborana na mdhamini kwa waliosema Kisomali, na Bwana Keynan, karani, wa kuandika namba. Bula ya kwanza, yaani kijiji cha kwanza, ilituchukua siku moja, kaya kumi na tatu, dakika nne kila kaya. Wanawake walitucheka. Mmoja alisema, "Huyu binti anatuhesabu kama mbuzi wa mnada, mbona hatazami meno?" Bwana Keynan naye akasema kwamba binti Nuh amerudi na karatasi nyingi kuliko ng'ombe wa mzee Galgallo, nami nikacheka pamoja nao, maana nilidhani kicheko ni dalili ya ushirikiano.

Siku ya tatu tuliingia kwa Sirad, mke wa mchungaji wa ngamia, ambaye nimeomba ruhusa yake kumtaja na amekaa hapa mbele yangu. Alikuwa na watoto watatu wa chini ya miaka mitano, mdogo wao Abdow, wa miezi miwili, mgongoni, na mama mkwe asiyeona. Niliuliza, akajibu nabad, nikatia alama kwenye A, nikauliza ana mbuzi wangapi, nikafunga kalamu, nikasimama. Ayo hakusimama. Alisema, "Khadijo, hiyo si jibu. Hiyo mlango. Mtu amefungulia wewe mlango, wewe nashukuru, naondoka." Mbele ya Sirad, mbele ya mama mkwe, mbele ya Bwana Keynan aliyekuwa tayari anatabasamu, nilimwambia, "Ayo, kazi yako ni kutafsiri, kufikiri niachie mimi." Akainuka, akajifunga leso yake, akasema, "Sawa, mwalimu," na kwa wiki tatu zilizobaki hakuniita Khadijo, aliniita mwalimu, kwa adabu kamili, hata tukiwa nyumbani tunapika.

Tulitembelea akina mama mia mbili na wanne, na mia moja themanini na saba kati yao walijibu nabad, au nagaa, ambayo ndiyo amani ya Kiborana, na nikawaruka. Kwa hiyo wilaya hii leo ina takwimu nzuri sana za mbuzi. Katika ripoti niliyoipeleka tarehe 20 Januari 1958 kuna sentensi ambayo naijua kwa moyo, na itakuwa haki mkiisikia kwa sauti yangu: "Akina mama wa wilaya hii kwa jumla hawaonyeshi dalili za dhiki, kwa kuwa wameizoea hali yao, na msaada unaotolewa sasa waweza kupunguzwa bila madhara." Kamati iliisifu kwa ufupi wake, nikaahidiwa nafasi ya kwenda Uingereza kuendelea na masomo kuanzia Januari ijayo, baba akachinja mbuzi, na Ayo akapika, akaandaa, akala, akasema alhamdulillah. Tarehe 31 Machi mwaka huu maziwa ya unga yalikatwa na banda likafungwa. Marehemu alirudishwa kwenye ufagio wa wodi, na hakuwahi kunikumbusha, hata siku moja, ni nani aliyefanya hivyo.

Aliendelea kukaa nje ya banda lililofungwa, alasiri, na chai yake na maziwa ya mbuzi wetu wawili, lakini kifua kilikuwa kimeanza, na siku nyingi hakuweza kufika. Tarehe 2 Julai Abdow wa Sirad alifariki, akiwa na miezi kumi, baada ya kuharisha siku tisa. Katika siku hizo tisa mtumishi mmoja wa hospitali alipita kisimani akamsalimu Sirad, akajibiwa nabad, akapita. Sijui kama angeishi, mimi si daktari, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye siku zetu. Lakini najua angeonekana. Kila Jumatano, siku ya kugawa maziwa, kwa miaka saba mtoto wa namna hiyo alionekana kwenye banda lile, na Jumatano hizo nilizifunga mimi.

Ayo hakuweza kwenda kumpa Sirad pole, kikohozi kilikuwa hakimwachi, akaniita akaniambia niende badala yake, nisichukue karatasi, nisichukue saa, nichukue majani ya chai. Nilikwenda. Nilisalimu, Sirad akanijibu nabad, nikaketi. Nilimwogesha mtoto wake wa pili, vibaya, akanilowesha, mama mkwe akauliza ni nani huyu anayeshika mtoto kama kifurushi. Nilichemsha chai, tukanywa, na kwenye kikombe cha pili nikanyamaza, na siku hiyo hakikutoka kitu. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tano Sirad akasema, na nasoma kama alivyosema: "Ule mwezi mlipokuja na karatasi, nilimweka Abdow ukingoni mwa Tana, nikamwacha, nikatembea. Nilihesabu hatua arobaini. Halafu nikarudi nikambeba. Siku ya pili yake mkaingia kwangu, mkaniuliza habari ya nyumbani."

Nilipomuuliza kama naweza kuyasoma haya leo mbele ya watu, nilitegemea akatae, na labda nilitamani akatae. Alisema, "Soma. Soma yote. Mimi nimechoka kuwa nabad."

Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Agosti nilirudi kwenye kaya arobaini kati ya zile mia moja themanini na saba, bila fomu, kila moja mara tatu au nne, na katika kaya thelathini na tatu nilikuta, baada ya kikombe cha pili, yale yote ambayo maswali yangu ya pili hadi ya ishirini yalikuwa yakiyatafuta na mimi nikayaruka. Niliandika barua kwa kamati, ya kurasa mbili, kusema kwamba ripoti yangu si kweli na banda lifunguliwe. Niliimaliza tarehe 30 Agosti, Ayo akiniona. Nikaitia kwenye bahasha, nikaandika anwani, nikaiweka chini ya nguo zangu sandukuni, na ikakaa humo, kwa sababu aliyeandika barua ile asingekwenda Uingereza, na mimi nilitaka kwenda Uingereza. Sina maelezo mengine. Nilijiambia nangoja bahasha bora.

Marehemu alilazwa tarehe 3 Septemba 1958 kwa kifua kikuu, katika wodi ya wanawake, mita chache kutoka ile aliyoanza kuifagia miaka kumi na miwili nyuma. Alipata dawa na uangalizi wote uliowezekana, alikonda, hakulalamika, na kila daktari alipopita kumuuliza hali alimjibu nzuri, mpaka daktari mwenyewe akajifunza kukaa kitandani na kungoja. Jumapili iliyopita, tarehe 12, baada ya alasiri, nilikuwa kwake na Hinda, akaniuliza kwa sauti iliyokuwa imebaki ndogo, "Khadijo, barua nakwenda?" Nikamjibu kwa lugha yake, "Nagaa, Ayo. Imekwenda." Alinitazama. Tulikuwa tumekwisha kunywa chai. Akamwambia Hinda, "Mimina dada yako ingine." Hinda akanimiminia, na Ayo akanyamaza, akakunja mikono juu ya shuka, akangoja.

Mama zangu, mnajua alivyokuwa akingoja. Wengi wenu mmengojwa hivyo na mkasema. Sirad alisema. Mimi nilikinywa kikombe kile mpaka chini, nikaongea habari za joto, nikasema mvua huenda ikawahi mwaka huu, nikaaga. Aliniambia, "Haya, mwanangu, enda salama." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1958, saa moja na nusu asubuhi, Hinda akiwa naye, mimi nikiwa nyumbani napiga pasi, na alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ameacha mume, binti mmoja aliyemzaa na mmoja aliyemlea.

Barua ninayo hapa. Kurasa zote mbili sitazisoma, joto ni kali na mnanijua, lakini maneno yanayohusika ni haya: "Jibu la amani katika wilaya hii ni salamu. Mimi mwandishi wa ripoti nilijua hivyo na nikaliandika kama habari. Naomba ripoti yangu ya tarehe 20 Januari ifutwe, banda la maziwa la Garissa lifunguliwe, na mwanamke awekwe humo ambaye kazi yake itakuwa kukaa. Utaratibu huu si wangu, ni wa marehemu Mumina Galgallo Molu, yaya wa wodi, nao aliupata kwa jirani yake, Bibi Dahabo." Neno "marehemu" nimeliongeza juzi kwa wino mwingine. Kamati inakutana tarehe 28 mwezi huu. Bwana Ahmednoor, mwenye lori, anaondoka leo kwenda Nairobi baada ya alasiri, na barua atakabidhiwa na Hinda mkononi mbele yenu, kwa kuwa mimi na barua hii tumeshaachwa peke yetu mara moja na mmeona tulivyofanya. Nimeisoma kwa wanawake wa Garissa, na Bwana Aden ameisoma kwa wanaume, ili nikitaka kesho kuirudisha sandukuni nisipate pa kuipitisha. Wakifungua banda, tutashukuru. Wasipofungua, mimi nitakuwa nje ya mlango wake kuanzia Jumatatu alasiri, na majani ya chai, na mbuzi wetu wawili wanakamuliwa bado. Nitakapowasalimu jibuni nabad, ndiyo adabu yetu, ila msiondoke.

Kwa niaba ya baba yangu na Hinda, nawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao walimpa mgonjwa wao muda na si dawa tu. Nawashukuru wafanyakazi wenzake waliombeba, na wale waliochimba kaburi kwenye ardhi ngumu kama ile, jua likiwa kichwani. Nawashukuru majirani waliopika siku tatu hizi, Mama Dahabo akiwa wa kwanza, ambaye naona amenyamaza muda wote na sasa naogopa. Namshukuru Bwana Keynan, aliyenakili karatasi hii mara mbili kwa mwandiko wake mzuri, na alipofika mahali palipomtaja alicheka akaacha, akaandika jina lake lilivyo. Namshukuru Sirad, ambaye deni la kumshukuru halitanitoka mdomoni kwa maneno.

Na wewe, Ayo. Hapa mwisho wa karatasi mtu humtakia marehemu amani, akakunja, akashuka. Neno hilo nimelichukua kwa watu mara mia moja themanini na saba nikaondoka nalo, na mara moja nimelitumia kukudanganya ukiwa kitandani, kwa hiyo sitalisema nikiwa nimesimama. Nimekaa mkekani. Hinda amenimiminia cha pili. Barua haikuwa imekwenda, Ayo, nilikudanganya, niliogopa kukosa safari yangu. Sasa umesikia.

Nagaa, Ayo. Pumzika. Mimi bado nimekaa.